Mlalamikaji Aende Wapi? Wasomi na Haki Katika Kibondo na Kasulu

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wilaya za Kibondo na Kasulu, katika nyanda za juu za mkoa wa Kigoma, zimepokea wageni wa aina tatu ndani ya muda mfupi. Wa kwanza ni mkimbizi, ambaye alivuka mpaka kwa maelfu baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa tarehe 21 Oktoba 1993. Wa pili ni mtu wa misaada, aliyekuja na magari meupe, mahema na mapipa ya maji. Wa tatu hakuja na kishindo. Alikuja na daftari, kinasa sauti na barua ya kibali. Huyo ni msomi wa chuo kikuu, mtu anayetafuta shahada ya juu au anayeandika kitabu. Leo nataka tumzungumze huyu mgeni wa tatu, hasa yule aliyekuja kuchunguza mambo ya jinai na haki.

Huenda mtu akauliza, yatuhusu nini? Msomi huja, huuliza, huondoka. Jibu langu ni kwamba yanatuhusu sana. Alichoandika ndicho kinachosomwa na wanaotunga sera, na wanaotoa fedha, na wanaotaka kujua kama mkimbizi ni mtu wa kuogopwa au wa kuhurumiwa. Mtu aliyeko Nairobi, Copenhagen au California, ambaye hajawahi kuona kilima kimoja cha Buha, anaijua Kasulu kwa maandishi hayo tu. Swali alilochagua kuuliza msomi laweza kumsaidia aliyedhulumiwa, na laweza pia kumficha.

Kwa maoni yangu, maswali yaliyoulizwa Kibondo na Kasulu yalikuwa mawili. La kwanza liliulizwa na karibu kila mtu: je, wakimbizi wameleta uhalifu? La pili liliulizwa na wachache: mtu akidhulumiwa hapa, awe mwenyeji au mgeni, aende wapi kulalamika, na akifika huko kunatokea nini? Nitajaribu kuonyesha kwamba swali hilo la pili ndilo lenye uzito, na kwamba historia ya nchi ya Waha inatufundisha hivyo.

Tuanze mbali kidogo. Kabla ya ukoloni nchi ya Waha ilikuwa na tawala kadhaa: Heru upande wa Kasulu, Muhambwe na Buyungu upande wa Kibondo, na nyinginezo. Kila utawala ulikuwa na mwami wake. Lakini chini ya mwami, na pengine kabla yake, palikuwa na mteko, mzee wa ardhi. Mteko alijua mipaka ya eneo lake, mizimu yake, na nani alifyeka pori lipi. Watu wakigombea shamba, neno lake lilikuwa na nguvu. Mwanahistoria Michele Wagner ameandika juu ya wateko hao katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1996 kuhusu mazingira na historia ya Tanzania. Kabla yake, Mholanzi J.H. Scherer alikaa Buha katika miaka ya 1950, akaandika juu ya utawala wa Waha, na mwaka 1965 akatoa tasnifu katika Chuo Kikuu cha Groningen kuhusu ndoa na mahari katika nyanda za juu za Buha. Kwa hiyo msomi si mgeni mpya huku.

Waingereza walipotawala walileta mahakama za wenyeji chini ya watemi. Mteko hakupewa kiti rasmi; mwami alipewa. Tukumbuke jambo moja ambalo vijana wengi hawalijui. Mwaka 1946 mwami wa Heru alikuwa mwanamke, Theresa Ntare, na alitawala Kasulu katika zama ambazo serikali ya kikoloni haikuzoea kuona mwanamke mbele ya baraza. Baada ya uhuru, mwaka 1963, utemi ulifutwa, na mahakama za wenyeji zikaingizwa katika mfumo mmoja wa mahakama wa nchi. Ndipo tukapata Mahakama ya Mwanzo tunayoijua. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikaja Operesheni Kigoma, watu wakahamishiwa vijijini. Mteko aliachwa na ardhi yake, watu wake wakiwa wamepangwa kando ya barabara.

Tazama basi jinsi tabaka za haki zilivyopandana: mteko, mwami, hakimu. Na kila tabaka lililofuata halikulifuta kabisa lililotangulia. Mzee wa kijiji bado husuluhisha ugomvi wa mpaka wa shamba jioni, na ugomvi huohuo hufika kwa hakimu asubuhi.

Tabaka jingine lilitoka mashariki. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika maeneo ya Wasukuma na Wanyamwezi, wananchi waliochoshwa na wizi wa ng'ombe na ujambazi waliunda sungusungu. Ray Abrahams wa Chuo Kikuu cha Cambridge aliandika juu yao mwaka 1987, wakati viongozi wetu wenyewe walikuwa bado wanajadiliana kama jambo hilo ni la kushangiliwa au la kuogopwa. Baadaye sheria ikawapa sungusungu nafasi. Nao wakaenea hadi mahali ambapo mwanzilishi wao asingepafikiria, yaani ndani ya kambi za wakimbizi, ambako walinzi wa usiku waliochaguliwa miongoni mwa Warundi waliitwa kwa jina hilohilo la sungusungu.

Hapo ndipo tunapofika miaka ya 1990. Kibondo ilipata kambi za Kanembwa, Mtendeli, Nduta, Mkugwa na Karago. Kasulu ilipata Mtabila na Muyovosi kwa Warundi, na Nyarugusu iliyopokea Wakongo kuanzia mwaka 1996. Mwishoni mwa mwaka 1997 majeshi yetu yaliwakusanya Warundi waliokuwa wanaishi vijijini, wengine kwa miaka mingi, wakapelekwa kambini. Miongoni mwao walikuwamo waliooa na kuolewa huku. Mwaka 1998 Bunge likapitisha Sheria mpya ya Wakimbizi, ikachukua nafasi ya ile ya mwaka 1965. Mkimbizi akatakiwa akae katika eneo alilopangiwa, na bila kibali hakuruhusiwa kwenda mbali; mpaka uliozoeleka ulikuwa kilomita 4 kutoka kambini.

Ndugu msikilizaji, simama hapa kidogo, maana kuna hesabu ambayo watu wengi huipiga vibaya. Mtu husema, "Tazama gerezani, wafungwa wengi ni wakimbizi, kwa hiyo wakimbizi ni wahalifu." Kwanza, watu wakiongezeka maradufu katika wilaya, kesi nazo zitaongezeka, hata kama hakuna aliyekuwa mbaya kuliko jana. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, lipo kosa ambalo mkimbizi peke yake anaweza kulitenda. Mwenyeji wa Kasulu akitembea kilomita 10 kutafuta kibarua cha kupalilia maharage, anaitwa mchapakazi. Mkimbizi akitembea kilomita hizohizo kwa kibarua kilekile, amevunja sheria. Mama wa kambini akifuata kuni mahali ambapo kuni bado zipo, amevuka mpaka. Ukiwahesabu watu hawa pamoja na mwizi wa kutumia silaha, umepata namba, lakini hukupata ukweli.

Sisemi kwamba ujambazi haukuwepo. Ulikuwepo, tena wa bunduki. Vita vya jirani vilimwaga silaha, mabasi yalitekwa, na watu waliuawa nyumbani kwao. Mwenyeji aliyelala porini kwa kuogopa majambazi hakuota ndoto. Ninachosema ni kwamba hofu ni jambo moja na upelelezi ni jambo jingine, na kazi ya msomi ni kuvitenganisha.

Baadhi yao walijaribu. Beth Whitaker, aliyekuja Kagera na Kigoma kati ya mwaka 1996 na 1998 kwa ajili ya shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha North Carolina, aliuliza nani miongoni mwa wenyeji alinufaika na nani aliumia. Aligundua kwamba si wenyeji wote walioonja sawa: mwenye mtaji na shamba kubwa alipata vibarua na soko, na yule asiye na kitu aliweza kupoteza hata kidogo alichonacho. Loren Landau naye alichagua njia ambayo mimi naiona ya busara. Hakuiangalia Kasulu peke yake. Aliilinganisha na Mpwapwa, wilaya ya Dodoma isiyo na wakimbizi, ili ajue lipi limeletwa na wakimbizi na lipi ni tabu ya Tanzania nzima. Katika kitabu chake cha mwaka 2008 anaeleza kwamba watu wa Kasulu walielekea kuwabebesha lawama wakimbizi na mashirika ya kigeni, huku serikali yao wakiisamehe. Hilo ni funzo kubwa kwa mwanasheria. Mgeni akiwa jibu la kila swali, hakuna anayeuliza kwa nini kituo cha polisi hakina gari, au kwa nini jalada la kesi limekaa miaka.

Nyumbani pia kazi ilifanyika. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho kitivo chake cha sheria kilianza mwaka 1961, kilikuwa na kituo cha kuchunguza mambo ya wakimbizi. Mwaka 2003 wanasheria Bonaventure Rutinwa na Khoti Kamanga walitoa uchunguzi juu ya athari za wakimbizi kaskazini-magharibi mwa Tanzania, usalama ukiwa mojawapo ya mambo waliyoyapima. Kamanga aliendelea kuichambua ile Sheria ya mwaka 1998. Ni vema tukalikumbuka hilo, kwa sababu tumezoea kudhani kwamba uchunguzi ni kazi ya wazungu na kujibu maswali ni kazi yetu.

Sasa nije kwenye swali la pili: mlalamikaji aende wapi?

Warundi walikuja na utaratibu wao. Kwao mzee mwenye kuheshimika huitwa umushingantahe, na wengi ni abashingantahe. Intahe ni fimbo ya haki; mzee huipiga chini akitoa uamuzi. Kambini wazee wa namna hiyo walikaa barazani wakasikiliza ugomvi wa mgao wa chakula, madeni, matusi, mke na mume. Kwa mambo hayo walifaa. Walikuwa karibu, hawakudai nauli, walizungumza lugha ya wenye ugomvi, na uamuzi ulitoka siku hiyohiyo. Mahakama ipi ya serikali ingeweza kusema hivyo?

Lakini baraza hilohilo lilisikiliza pia mambo ambayo halikupaswa kuyasikiliza. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2000, iliyotokana na uchunguzi katika kambi za Kigoma, ilieleza jinsi wanawake waliopigwa na waume zao au waliobakwa walivyopelekwa mbele ya wazee wanaume, na mambo yakamalizwa kwa faini au kwa kumtaka mwanamke arudi nyumbani na kuvumilia. Na mwaka 1998 huohuo Bunge lilikuwa limepitisha sheria kali ya makosa ya kujamiiana, ambayo humpa mbakaji kifungo kisichopungua miaka 30. Tazama umbali uliopo kati ya miaka 30 na faini ya kambini! Sheria mbili katika kilima kimoja, na mwanamke mmoja katikati.

Mtu atasema, angekwenda polisi. Ni kweli, mwishoni mwa miaka hiyo Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lilikubaliana na serikali, polisi zaidi ya 200 wakapangwa kambini na kupewa magari na posho. Hilo lilisaidia. Lakini kesi si polisi peke yake. Kesi inataka daktari aandike alichokiona, inataka mkalimani, inataka shahidi afike tarehe iliyopangwa, inataka mwendesha mashtaka awepo hakimu anapokaa. Mahakama ya Mwanzo haina mamlaka ya kusikiliza ubakaji. Lazima iende wilayani. Na kesi ya mauaji iliwasubiri majaji wa Mahakama Kuu kutoka Tabora, kabla Kigoma haijapata masjala yake. Shahidi aliyeko kambini asiyeruhusiwa kutoka bila kibali anahitaji kibali hata cha kwenda kutafuta haki.

Mwezi Mei 1999, katika wilaya ya Kasulu, wanawake wa kambini waliotoka kutafuta kuni walishambuliwa na wanaume wenyeji, na wengi wakabakwa. Ilisemwa ni kisasi kwa kifo cha mwalimu mmoja. Watu walikamatwa, wakashtakiwa. Kisha kesi ikafutwa, si kwa sababu hakimu aliona hawana hatia, bali kwa sababu za utaratibu, na ikabidi juhudi zifanywe upya. Nalitaja jambo hili kwa sababu linaumiza pande zote mbili. Mwalimu aliuawa na familia yake ilistahili upelelezi. Wanawake wale walidhulumiwa nao walistahili hukumu. Kisasi kilichukua nafasi ya upelelezi, na uzembe ukachukua nafasi ya hukumu. Mwenyeji hakupona, na mgeni hakupona.

Ndiyo maana nasema swali la kwanza halitoshi. Ukiuliza tu kama wakimbizi wameleta uhalifu, wanawake wale hawaonekani katika hesabu yako, kwa kuwa wao hawakuwa wahalifu, walikuwa walalamikaji. Ukiuliza mlalamikaji aende wapi, wanaonekana mara moja, na mjane wa mwalimu anaonekana pamoja nao.

Kuna jambo la lugha ambalo watafiti wengi wamelipita haraka. Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Mha na Mrundi wakikutana hawahitaji mkalimani. Mimi nimekaa zaidi ya mara moja barazani kumsikiliza kijana wa hapa akimtafsiria mtafiti maneno ya mzee. Mzee alizungumza kwa mafumbo dakika tano, tafsiri ikatoka sentensi moja. Mtafiti akaandika hiyo sentensi moja. Kijana hakudanganya, alifupisha tu. Lakini katika jambo la jinai, kilichofupishwa mara nyingi ndicho ushahidi wenyewe: nani alimwambia nani, kabla au baada ya jua kuzama, kwa hasira au kwa utani.

Undugu huo wa lugha umewaletea Waha mateso yao pia. Mtu anayezungumza Kiha nje ya mkoa wake huulizwa kama kweli ni Mtanzania. Mwezi Julai 2013 Rais Jakaya Kikwete alitoa wiki mbili kwa wahamiaji wasio na vibali waondoke, na mwezi Septemba ikafuata Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Mtu ambaye babu yake alizikwa Muhambwe alijikuta anatafuta karatasi ya kuthibitisha kwamba yeye ni wa hapa. Liisa Malkki, aliyewasikiliza wakimbizi wa mwaka 1972 katika makazi ya Mishamo na mjini Kigoma kati ya mwaka 1985 na 1986, aliona kwamba waliokaa mjini walipendelea kutojulikana, wakachanganyika na wenyeji. Mpaka uliowekwa na Waingereza na Wabelgiji haukukata lugha wala koo. Afisa anayepaswa kuutafuta mpaka huo katika matamshi ya mtu amepewa kazi ngumu, na anayeumia akikosea si yeye.

Mambo hayajaisha. Mtabila ilifungwa Desemba 2012, tukadhani ukurasa umefungwa. Mwaka 2015 Burundi ikawaka tena, Nyarugusu ikajaa kupita watu 150,000, Nduta na Mtendeli zikafunguliwa upya. Mtendeli, ambayo baada ya wilaya kugawanywa imo Kakonko, ilifungwa tena mwaka 2021. Wanafunzi wapya wakaja na madaftari mapya, na nimewasikia wazee wakisema, "Hawa nao wanauliza yaleyale." Walisema kweli. Majibu ya baba zao yalikuwa yamekwisha kuandikwa, yako katika maktaba za ng'ambo, kwa Kiingereza. Katika kijiji kimoja mzee aliniambia amehojiwa mara nyingi kuliko alivyowahi kuitwa mahakamani, na hajawahi kuona hata ukurasa mmoja wa alichosema.

Basi mimi ningependa kuona mambo matatu. La kwanza, kijana wetu anayesomea sheria au jinai Dar es Salaam au kwingineko achukue kesi moja, aifuate kutoka siku ilipolalamikiwa kwa mzee hadi siku ilipofungwa jalada, na aandike iliposimama na kwa nini. Kesi moja iliyofuatwa hivyo itatufundisha zaidi ya hojaji mia. La pili, achague mlalamikaji kwanza, mtuhumiwa na mfungwa wafuate, kwa kuwa wafungwa wana jalada na walalamikaji wengi hawana hata karatasi. La tatu, akimaliza, arudi na alichoandika kwa Kiswahili, akisome barazani, na akubali kusahihishwa na waliompa. Polisi humsomea shahidi maelezo yake kabla hajatia sahihi. Kwa nini chuo kikuu kisifanye hivyo?

Mteko wa zamani alijua kila mpaka wa shamba kwa sababu aliishi pale na angezikwa pale. Msomi hawezi kuishi hivyo, na hatumdai hilo. Tunamdai tu kwamba atakapokuja Kibondo au Kasulu kuuliza juu ya haki, aanze kwa yule aliyeikosa.